Programu-Jalizi Kwenye Linux: Uiweke Wapi Ili Isipotee

Mwongozo huu ni wa mtu anayetumia Linux na anataka kuiongezea programu yake uwezo ambao haikuja nao. Huenda wewe ni afisa ugani wa Chanzuru unayechora ramani ya mashamba kwa QGIS, au mwanafunzi wa kilimo pale Ilonga unayechambua takwimu za majaribio ya mtama kwa R. Huenda ni mwalimu unayetaka LibreOffice ikuonyeshe makosa ya tahajia ya Kiswahili, au unasimamia chumba cha kompyuta cha shule mahali fulani kati ya Kilosa na Mikumi. Nyote mnakutana na swali moja: programu-jalizi imeshapakuliwa, bando limeshaliwa, sasa faili hili liende folda gani?

Mifano nimeitoa kwenye Ubuntu na Debian, na inafaa pia kwa Linux Mint, iliyojengwa juu ya hizo. Alama ya ~ utakayoiona ndani ya njia za folda ni folda yako ya nyumbani, yaani /home/ ikifuatwa na jina la akaunti yako. Folda ambayo jina lake linaanza na nukta imefichwa; ukitaka kuiona kwenye kidirisha cha mafaili, bonyeza Ctrl na H kwa pamoja.

Kwa nini mahali pana maana

Kwenye Linux kuna programu maalumu inayosimamia usakinishaji wa programu nyingine. Ubuntu na Debian wanatumia apt, ambayo chini yake inafanya kazi dpkg. Hiyo dpkg inatunza daftari la kila faili ililoweka: limetoka kwenye kifurushi gani, ni toleo gani, liko folda gani. Sasisho likija, hulifuata daftari hilo. Mafaili ya zamani huondolewa, mapya huwekwa.

Tuseme umenakili programu-jalizi kwa mkono ndani ya /usr/share/qgis/python/plugins, folda ambamo kifurushi cha QGIS huweka programu-jalizi zake. Kwa sasa itafanya kazi. Shida huja baadaye. Kama faili lako lina jina sawa na faili la kifurushi, sasisho litalifuta bila kukuuliza. Kama jina ni tofauti, litabaki humo kama mgeni asiyeandikwa popote: halitasasishwa, halitaondolewa hata ukiiondoa QGIS yenyewe, na siku QGIS itakapopanda toleo litaanza kutoa makosa ambayo hakuna atakayejua yametoka wapi. Mtu wa kwanza kuumia ni yule atakayeipokea kompyuta hiyo baada yako.

Kwa watu wa Kilosa, mgawanyo wa folda za Linux unaeleweka upesi ukiufikiria kama mgawanyo wa ardhi. /usr ni hifadhi, kama Mikumi: ina mamlaka yake, huingii ukalima. /usr/local ni ardhi ya kijiji: msimamizi wa kompyuta ndiye anayeipangia matumizi kwa faida ya wote. Folda yako ya nyumbani ni shamba lako.

Mgawanyo huu umeandikwa rasmi. Waraka wa kwanza wa kupanga folda za Linux ulitoka mwaka 1994, na toleo la 3.0 la kanuni zinazofuatwa sasa lilitolewa mwaka 2015 chini ya Linux Foundation. Kanuni hizo zinataka /usr/local iwe salama dhidi ya kufutwa wakati programu za mfumo zinaposasishwa. Debian nao wanavikataza vifurushi vyao kuweka mafaili humo. Kwa hiyo ukiiweka kazi yako kwenye /usr/local, una ahadi ya watengenezaji wa mfumo kwamba hawataigusa.

SANDUKU: Nani mwenye folda hii?

- /usr/lib na /usr/share: za apt. Usinakili chochote humo kwa mkono.
- /usr/local/lib na /usr/local/share: za msimamizi wa kompyuta. Weka humo kinachotakiwa na watumiaji wote lakini hakipo kwenye apt.
- /opt: ya programu nzima zinazotoka nje ya distro (yaani Linux unayotumia, kama Ubuntu au Debian) zikiwa na kila kitu chao. Google Chrome, kwa mfano, hukaa /opt/google/chrome. Ni nadra programu-jalizi kuhitaji kukaa hapa.
- ~/.local/share, ~/.config na folda nyingine zilizofichwa nyumbani kwako: zako. Hazihitaji sudo (amri ya kutumia mamlaka ya msimamizi) wala ruhusa ya mtu.

Ukikutana na faili usilojua mwenyewe ni nani, uliza:

`dpkg -S /njia/ya/faili`

Ukitajiwa jina la kifurushi, faili ni la apt. Ukiambiwa hakuna njia inayolingana, basi kuna mtu aliliweka kwa mkono, au lilitengenezwa na programu yenyewe ilipokuwa ikifanya kazi.

Kwanza jua programu mama ilisakinishwaje

Hatua hii watu wengi huiruka, kisha wanapoteza mchana mzima. Siku hizi programu ileile inaweza kuingia kwenye kompyuta kwa njia tatu: apt, Snap au Flatpak. Kila njia ina folda zake. Ukiweka programu-jalizi mahali panaposomwa na QGIS ya apt wakati unayotumia ni QGIS ya Flatpak, haitaonekana hata ukiwasha kompyuta upya mara kumi.

Fungua terminali, uendeshe amri hizi moja baada ya nyingine:

1. `apt list --installed 2>/dev/null | grep -i qgis`
2. `snap list`
3. `flatpak list`

Badili neno qgis uweke jina la programu yako. Amri ya pili au ya tatu ikijibu kwamba haijulikani, njia hiyo haipo kwenye kompyuta yako, endelea.

Ikiwa programu ni ya Flatpak, mafaili yake ya mtumiaji yako ndani ya ~/.var/app/ ikifuatwa na jina refu la programu. Programu-jalizi za QGIS, kwa mfano, zitakuwa hapa:

`~/.var/app/org.qgis.qgis/data/QGIS/QGIS3/profiles/default/python/plugins`

Ikiwa ni ya Snap, tafuta ndani ya ~/snap/ ikifuatwa na jina la programu. Programu za namna zote mbili zimezungushiwa ukuta, na baadhi haziruhusiwi kusoma folda nje ya eneo lao. Ndiyo maana kunakili kwenye /usr/local mara nyingi hakusaidii kitu kwa programu za aina hii.

Kwa kompyuta za shule au ofisi ya kata, ushauri wangu ni apt. Flatpak ina faida zake, hasa toleo jipya zaidi la programu, lakini hupakua pia mazingira mazima ya kuendeshea programu, na hayo huwa makubwa. Pale intaneti inaponunuliwa kwa bando la simu, tofauti hiyo inaumiza.

QGIS: programu-jalizi kwa mtumiaji mmoja

QGIS nitaieleza kwa kirefu kwa sababu hapa kwetu ina kazi halisi. Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukaingia kwenye makazi ya Kilosa na kuharibu reli ya kati katika kipande cha kuelekea Gulwe. Dar es Salaam nako, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwaweka pamoja wakazi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, wakachora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko kwa kutumia OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. QGIS ilikuwa miongoni mwa zana zao, pamoja na programu-jalizi ya InaSAFE ya kukadiria athari za maafa. Kazi ya namna ile inawezekana kabisa kwa mabonde ya Kilosa, na inaanza na kompyuta moja iliyopangwa vizuri.

Programu-jalizi nyingi za QGIS zimeandikwa kwa Python, na kwa toleo la 3 hukaa hapa:

`~/.local/share/QGIS/QGIS3/profiles/default/python/plugins`

Kama una intaneti ya uhakika, huna haja ya kuigusa folda hii. Fungua menyu ya "Plugins", chagua "Manage and Install Plugins", tafuta jina, bonyeza kitufe cha kusakinisha. QGIS yenyewe italiweka kila faili mahali pake. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa mtu yeyote anayefanya kazi peke yake, kwa sababu QGIS itakujulisha pia sasisho likitoka.

Kama programu-jalizi umeletewa kwenye flashi, fuata hatua hizi:

1. Nakili faili la ZIP kutoka kwenye flashi, uliweke ndani ya folda yako ya nyumbani. Usilifungue.
2. Fungua QGIS kama mtumiaji wa kawaida. Usitumie sudo.
3. Ingia "Plugins", kisha "Manage and Install Plugins", kisha "Install from ZIP". Chagua faili lako.
4. Nenda kwenye orodha ya zilizosakinishwa, hakikisha kisanduku cha programu-jalizi hiyo kimewekwa alama ya tiki.
5. Funga QGIS, uifungue tena, uone kama bado ipo.

Ukitaka kuhakikisha mafaili yameenda wapi, ingia "Settings", "User Profiles", "Open Active Profile Folder". Kidirisha kitakachofunguka ni cha wasifu unaoutumia wakati huo. QGIS inaruhusu wasifu zaidi ya mmoja, na kila mmoja una programu-jalizi zake. Mtu akibadili wasifu atadhani zimepotea kumbe ziko folda ya jirani.

Angalia pia kilichomo ndani ya ZIP. Lazima iwe na folda moja, na ndani ya folda hiyo yawepo mafaili `__init__.py` na `metadata.txt`. ZIP iliyopakuliwa moja kwa moja kutoka GitHub kwa kawaida huwa na folda yenye mkia wa "-main" au "-master". Mkia huo mara nyingi huivuruga programu-jalizi, kwa sababu Python haipendi kistari katikati ya jina. Fungua ZIP, rudisha jina la asili, kisha funga upya. Ndani ya metadata.txt, mstari wa qgisMinimumVersion unakuambia toleo la chini kabisa la QGIS linalokubalika. Usome kabla hujailaumu kompyuta.

Kompyuta ya pamoja: akaunti nyingi, programu-jalizi ileile

Sasa tuseme una chumba cha kompyuta ambamo kila mwanafunzi ana akaunti yake. Ukisakinisha ndani ya folda ya nyumbani ya mmoja, wengine hawataiona. Kuzunguka kwenye kila akaunti ni kazi isiyoisha, na kila nakala itakula nafasi yake kwenye diski.

Anza kwa kuuliza kama apt inayo:

`apt search jina-la-programu-jalizi`

Ikiwepo, isakinishe kwa `sudo apt install` na umemaliza. Apt itaiweka ndani ya /usr na itaitunza. Isipokuwepo, nenda /usr/local. QGIS inasoma folda ya ziada ukiielekeza kwa kigezo cha mazingira kinachoitwa QGIS_PLUGINPATH. Mfano huu ni wa QuickOSM, programu-jalizi ya kuvuta data za OpenStreetMap:

1. Tengeneza folda:
`sudo mkdir -p /usr/local/share/qgis/plugins`
2. Fungulia ZIP humo:
`sudo unzip QuickOSM.zip -d /usr/local/share/qgis/plugins`
3. Ruhusu kila mtumiaji asome, bila kumpa ruhusa ya kubadili:
`sudo chmod -R a+rX /usr/local/share/qgis/plugins`
4. Fungua faili la mazingira:
`sudo nano /etc/environment`
5. Ongeza mstari huu mwishoni, bila kugusa mistari mingine:
`QGIS_PLUGINPATH=/usr/local/share/qgis/plugins`
6. Hifadhi, kisha washa kompyuta upya.
7. Ingia kwa akaunti ya mwanafunzi, fungua QGIS, weka tiki kwenye programu-jalizi. Kila mtumiaji ataweka tiki yake mara moja. Hilo haliepukiki kwa njia hii.

Katika hatua ya 3, herufi X ni kubwa kwa makusudi. Inaruhusu kuingia ndani ya folda bila kuyageuza mafaili ya kawaida kuwa ya kuendeshwa.

ONYO. Kuna wanaoweka programu-jalizi ndani ya /etc/skel, folda ambayo yaliyomo hunakiliwa kwenye kila akaunti mpya. Hunakiliwa siku akaunti inapoundwa tu. Akaunti zilizokwishakuwepo hazipati kitu, na sasisho ulifanyalo baadaye halimfikii yeyote. Kwa mipangilio midogo ni sawa, kwa programu-jalizi sishauri.

Ikiwa darasa zima linatumia akaunti moja, usijisumbue na /usr/local. Folda ya nyumbani ya akaunti hiyo inatosha.

LibreOffice na tahajia ya Kiswahili

Kiswahili kwenye programu huria za ofisi kina historia nzuri: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Leo kamusi ya tahajia ya Kiswahili inapatikana kama kifurushi cha kawaida:

`sudo apt install hunspell-sw`

Kifurushi hiki kinaweka mafaili ya sw_TZ ndani ya /usr/share/hunspell, na kamusi inapatikana kwa watumiaji wote kwa mara moja. Baada ya hapo funga LibreOffice, ifungue tena, na uchague Kiswahili cha Tanzania kuwa lugha ya maandishi. Ukilisahau hili la mwisho, kila neno la Kiswahili litaendelea kupigiwa mstari mwekundu.

Viendelezi vingine vya LibreOffice huja kama mafaili yenye mwisho wa .oxt. Cha kwako binafsi kisakinishe kwa kidhibiti cha viendelezi kilichomo kwenye menyu ya "Tools". Kitakaa ndani ya ~/.config/libreoffice. Cha watumiaji wote, funga LibreOffice kwanza, kisha:

`sudo unopkg add --shared kiendelezi.oxt`

R kwa wanaochambua data za shamba

Ilonga ni kituo cha utafiti wa kilimo kinachojulikana kwa mtama, alizeti, mahindi na mikunde, na palipo na majaribio ya mbegu pana takwimu. Nyongeza za R kwenye Debian na Ubuntu zinaonyesha ule mgawanyo wa maeneo matatu waziwazi kuliko programu nyingine yoyote ninayoijua. Ndani ya R andika `.libPaths()` na utaona orodha kama hii:

- `~/R/x86_64-pc-linux-gnu-library/` ikifuatwa na namba ya toleo: yako
- `/usr/local/lib/R/site-library`: ya msimamizi
- `/usr/lib/R/site-library` na `/usr/lib/R/library`: za apt

R hutafuta kwa mpangilio huo, ya kwako ikitangulia. Ndiyo maana mtu anaweza kusasisha nyongeza kupitia apt na bado akaona toleo la zamani: nakala iliyoko nyumbani kwake inasomwa kwanza.

Ukitumia `install.packages()` kama mtumiaji wa kawaida, R itakuuliza kama ikutengenezee maktaba binafsi. Jibu ndiyo. Lakini fahamu gharama yake: kwa kawaida R kwenye Linux hupakua msimbo mbichi na kuujenga palepale. Kwenye laptop ya zamani kazi hiyo huchukua muda mrefu, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Nyongeza nyingi zinazotumika sana zimeshajengwa tayari na watu wa Debian, na majina yake huanza na r-cran:

`sudo apt install r-cran-lme4 r-cran-ggplot2`

Kwa kompyuta ya pamoja, anza na hizi kila mara. Tumia `install.packages()` kwa zile tu ambazo apt haina.

Maktaba yako binafsi imefungwa kwenye namba ya toleo. R ikipanda kutoka 4.3 kwenda 4.4, folda inabadilika, na nyongeza zako zitaonekana kama zimetoweka. Hazijafutwa, zinahitaji kusakinishwa upya kwa toleo jipya.

GIMP na sauti, kwa ufupi

GIMP 2.10 husoma programu-jalizi za mtumiaji kutoka `~/.config/GIMP/2.10/plug-ins`, na GIMP 3.0 kutoka `~/.config/GIMP/3.0/plug-ins`. Kwa toleo la 3.0 kila programu-jalizi lazima iwe ndani ya folda yake yenye jina sawa na faili lake kuu. Matoleo yote mawili yanataka faili hilo liwe na ruhusa ya kuendeshwa:

`chmod u+x jina-la-faili`

Programu-jalizi ya 2.10 usitegemee ifanye kazi kwenye 3.0 bila kuandikwa upya.

Kwa wanaohariri sauti za vipindi au kwaya kwa Audacity au Ardour, programu-jalizi za aina ya LADSPA hukaa ~/.ladspa, za LV2 hukaa ~/.lv2, na za VST3 hukaa ~/.vst3. Za watumiaji wote huenda /usr/local/lib, ndani ya folda ya ladspa, lv2 au vst3. Kabla ya kuhangaika mtandaoni jaribu `sudo apt install swh-plugins`. Ina vichujio vingi vya LADSPA ndani ya kifurushi kimoja.

Programu-jalizi ikidai maktaba ya Python

Baadhi ya programu-jalizi za QGIS hulalamika kwamba maktaba fulani ya Python haipo. Mtu hukimbilia `pip install`, amri ya Python yenyewe ya kusakinisha maktaba, na kwenye Debian 12 au Ubuntu 24.04 anakutana na ujumbe wenye maneno "externally-managed-environment". Ujumbe huo unamaanisha kwamba Python ya mfumo ni mali ya apt, na pip imekatazwa kuichezea. Ni ulinzi halali, kwa sababu sehemu nyingi za mfumo wenyewe zinaitegemea Python hiyo.

Tafuta maktaba hiyohiyo kwenye apt, jina lake likitanguliwa na python3:

`sudo apt install python3-pandas python3-geopandas`

Utashauriwa na watu uongeze kipengele cha `--break-system-packages`. Jina lake linasema ukweli kuhusu kinachoweza kutokea. Na `sudo pip install` usiitumie kabisa kwenye kompyuta ambayo wengine wanaitegemea.

Makosa yanayojirudia

*Kufungua programu kwa sudo ili programu-jalizi "ikubali".* Kwenye Ubuntu za sasa, `sudo qgis` itaiweka programu-jalizi ndani ya /root, na wewe hutaiona. Kwenye mifumo mingine itaacha mafaili ya root (akaunti kuu ya msimamizi) ndani ya folda yako ya nyumbani, na kuanzia hapo QGIS haitaweza kuhifadhi hata mipangilio. Likishatokea hili la pili, rekebisha hivi:

`sudo chown -R $USER: ~/.local/share/QGIS`

*Kuacha nakala mbili.* Moja nyumbani, nyingine /usr/local. Unasasisha hii, programu inasoma ile. Kabla ya kusakinisha kwa wote, ondoa nakala za majaribio.

*Kuweka programu-jalizi kwenye flashi na kuisoma kutoka huko.* Flashi nyingi zina mfumo wa FAT au exFAT, ambao hautunzi ruhusa za Linux. Nakili kwenye diski kwanza.

*Kuamini kila ZIP.* Programu-jalizi ya Python inaendeshwa kwa ruhusa zako zote: inaweza kusoma nyaraka zako, na inaweza kuzifuta. Ikiwa nyumbani kwako, madhara yanaishia kwenye akaunti yako. Ukiisakinisha kwa sudo ili itumiwe na wote, umeifungulia akaunti ya kila atakayeitumia. Chukua kutoka hazina rasmi ya programu husika, na anayekuletea kwa flashi muulize aliipata wapi.

Kupakua mara moja, kusakinisha kompyuta zote

Kwa chumba chenye kompyuta kadhaa zenye Ubuntu ya toleo moja, hakuna sababu ya kulipia bando upya kwa kila kompyuta.

1. Kwenye kompyuta moja yenye intaneti, ambayo bado haijasakinishwa vifurushi hivyo, endesha:
`sudo apt-get update`
`sudo apt-get install --download-only qgis hunspell-sw r-cran-lme4`
2. Tengeneza folda kwenye flashi, unakili ndani yake mafaili yote ya .deb kutoka /var/cache/apt/archives.
3. Kwenye kompyuta nyingine, nakili folda hiyo kwenye diski, ingia ndani yake kwa terminali, kisha:
`sudo apt install ./*.deb`
4. Weka kwenye flashi hiyohiyo zile ZIP za programu-jalizi zinazokwenda /usr/local.

Nimeandika apt-get katika hatua ya 1 kwa makusudi: amri fupi ya apt hufuta vifurushi ikimaliza kusakinisha, ilhali apt-get huviacha. Na kama kompyuta ya kwanza ilikuwa na sehemu ya vifurushi tayari, hiyo haitapakuliwa. Kompyuta ya pili itakuambia ni kipi kinachokosekana.

ORODHA YA UKAGUZI

Kabla ya kusakinisha:

☐ Najua programu mama ilikuja kwa apt, Snap au Flatpak
☐ Najua toleo lake, na programu-jalizi inalikubali
☐ Nimetafuta kwenye apt kwanza
☐ Nimeamua: ni yangu peke yangu, au ni ya wote

Wakati wa kusakinisha:

☐ Yangu: folda ya nyumbani, bila sudo
☐ Ya wote: apt, isipokuwepo, /usr/local
☐ Sijanakili kitu kwa mkono ndani ya /usr/lib wala /usr/share

Baada ya kusakinisha:

☐ Nimeijaribu kwa akaunti ya mtumiaji wa kawaida
☐ Nimehifadhi ZIP au .deb ya asili
☐ Nimeandika jina, toleo, tarehe na njia ya folda

Kipengele hicho cha mwisho kiandikie faili ndani ya kompyuta yenyewe, kwa mfano /usr/local/share/ORODHA.txt, na nakala yake ibandike ukutani kwenye chumba cha kompyuta. Walimu huhamishwa, maafisa ugani hubadilishwa vituo, na wanaojitolea hurudi makwao. Atakayepokea kazi yako asilazimike kuifuta kompyuta na kuanza upya kwa kukosa karatasi moja. Iandike leo, kabla hujahamishwa.